Mafuta Katika Ini: Kosa la Kiungo Kimoja

Ini hufungasha mafuta katika vitone vidogo ndani ya seli zake, kisha huyatoa kidogo kidogo kwa matumizi ya mwili. Mafuta hayo yakizidi asilimia 5 ya uzito wake, ini huhesabiwa kuwa gonjwa. Unene ni chanzo kikubwa. Lakini si kila mnene augua, na wembamba nao wamo miongoni mwa wagonjwa.

Mwaka 2008, watafiti wa Dallas, Marekani, wakiongozwa na Helen Hobbs na Jonathan Cohen, walipata sehemu ya jibu katika jeni iitwayo PNPLA3. Protini yake, inayokaa juu ya kitone cha mafuta, ni mnyororo wa asidi za amino 481. Kwa baadhi ya watu, mahali pa 148, isolusini imempisha methionini. Tofauti ni hiyo tu! Protini hiyo haivunjwi upesi kama ipasavyo. Hurundikana, ikakinyang'anya kimeng'enya kinachovunja mafuta protini inayokisaidia. Mafuta husalia, seli huumia, na baadhi ya maini huingia makovu. Unene huzidisha madhara hayo. Hata hivyo, mwenye jeni hiyo akipunguza uzito, mafuta ya ini lake hupungua.