Jibu moja, nafasi moja: Jinsi ya kufumbua mafumbo ya kila wiki mtandaoni

KATI ya michezo ya intaneti iliyovuma ulimwenguni mwanzoni mwa karne hii, Neopets ulikuwa na upekee wake. Mchezo huo, ulioanzishwa mnamo 1999 na Waingereza wawili, Adam Powell na Donna Williams, ulimpa mshiriki mnyama wa kubuni ili amlishe, amtunze na kumtafutia riziki kwa kuchuma pointi. Mamilioni ya watoto na vijana walijiunga nao, na mwaka wa 2005 kampuni ya Viacom ya Marekani ikaununua kwa dola milioni 160.

Hata hivyo, katika kona moja ya mchezo huo hapakuwa na kulisha wala kulenga shabaha. Hapo, chini ya jina Lenny Conundrum, palitundikwa kila wiki fumbo jipya la hesabu au la mantiki. Lenny ni jamii ya ndege katika ulimwengu huo wa kubuni, ndege wanaosifika kwa hekima. Aliyetaka kushiriki alilisoma fumbo, akachukua kalamu na karatasi, akapiga hesabu, kisha akawasilisha jibu. Aliruhusiwa kujibu mara moja tu. Aliyekosea alisubiri fumbo lingine.

Kanuni za zawadi nazo zilikuwa za kijanja. Kitita cha pointi kiligawanywa miongoni mwa wote waliopata jibu sahihi, hivi kwamba waliopata wakiwa wengi, fungu la kila mmoja lilipungua. Aliyemnong'onezea rafikiye jibu alikuwa akijipunguzia mgao wake mwenyewe. Juu ya hayo, waliotangulia kupata walitunukiwa kikombe cha kuonyesha kwa wenzao.

Kwa hivyo mshiriki alivutwa huku na huku. Kikombe kilimwambia afanye haraka, ilhali ile nafasi moja ilimwonya asithubutu kubonyeza kabla hajawa na hakika. Na hakika hiyo hupatikanaje, ikiwa hakuna mwalimu wa kusahihisha wala majibu nyuma ya kitabu? Swali hilo ndilo kiini cha mafumbo yote ya aina hii, yawe ya mchezo huo au ya ukurasa wa chemshabongo gazetini.

Chukua fumbo la aina nyepesi. Mpiga chapa ametia nambari kwenye kurasa zote za kitabu, kuanzia ukurasa wa 1. Kwa jumla ametumia tarakimu 1,500. Je, kitabu kina kurasa ngapi?

Mwenye pupa atagawanya 1,500 kwa 3 na kujibu 500. Mwenye subira atatambua kwamba kurasa 9 za mwanzo zinatumia tarakimu moja moja, na kurasa 90 zinazofuata, kutoka 10 hadi 99, zinatumia mbili mbili, yaani 180. Jumla ni 189. Zinasalia tarakimu 1,311, ambazo ukizigawanya kwa 3 unapata 437. Hapa ndipo wengi huanguka, wakiwa hatua moja tu kutoka ushindini. Wanaandika 437 na kuziacha nyuma kurasa 99 walizokwisha kuzihesabu wenyewe. Jibu ni 536.

Sasa lithibitishe kwa kurudi kinyumenyume. Kutoka ukurasa wa 100 hadi wa 536 kuna kurasa ngapi? Ukitoa 100 kutoka 536 unapata 436, lakini ukurasa wa 100 wenyewe pia unahesabika, kwa hivyo ni 437. Kosa hili la moja limewaponza wahasibu, maseremala na hata waundaji wa programu za tarakilishi. Mwenye kujenga ua wa mita 100 kwa nguzo zilizoachana mita 10 anahitaji nguzo 11, si 10.

Mafumbo ya mantiki yanadai ustadi mwingine. Tuseme watu watatu, Asha, Baraka na Chebet, wanakaa katika kijiji ambamo kila mtu ama husema kweli daima au husema uongo daima. Asha anasema, "Baraka ni mwongo." Baraka anasema, "Chebet ni mwongo." Chebet naye anasema, "Asha na Baraka wote wawili ni waongo." Nani msemakweli?

Hapa hakuna cha kujumlisha wala kugawanya. Njia ni kukubali jambo kwa muda, kulifuata hadi mwisho wake, na kuona kama litajipinga. Tukubali kwamba Asha anasema kweli. Basi Baraka ni mwongo. Ikiwa Baraka ni mwongo, madai yake kuhusu Chebet si kweli, kwa hivyo Chebet ni msemakweli. Lakini Chebet amesema kwamba Asha ni mwongo, nasi tulianza kwa kukubali kuwa Asha ni msemakweli. Mambo yamegongana. Dhana ya kwanza imekufa, na kufa kwake kunatufaa, kwa sababu sasa tunajua pasipo shaka kwamba Asha ni mwongo.

Yanayofuata hayana ugumu. Asha akiwa mwongo, Baraka ni msemakweli, na Chebet ni mwongo. Lakini mfumbuaji makini hafikii hapo akaweka kalamu chini. Anayarudia maneno ya Chebet: je, ni uongo kweli kwamba Asha na Baraka wote ni waongo? Naam, kwa kuwa Baraka si mwongo. Kila kauli imekaa mahali pake, na njia nyingine zote zimezibwa. Jibu linapaswa kupita mitihani hiyo miwili. Liwezekane, na lisiwepo lingine linalowezekana. Wanaokosa hesabu za aina hii mara nyingi wamepita mtihani wa kwanza wakasahau wa pili.

Mafumbo haya, ingawa yamevaa mavazi ya intaneti, si wageni kwetu. Pwani ya Afrika Mashariki kuna kisa cha kale cha mtu mwenye chui, mbuzi na majani anayetaka kuvuka maji, nacho husimuliwa kwa namna mbalimbali. Ulaya kisa kama hicho kina mbwamwitu badala ya chui na kabeji badala ya majani, na kimo katika mkusanyiko wa mafumbo unaohusishwa na mwalimu Alcuin wa York, aliyefariki mwaka wa 804. Mtumbwi ukiwa na nafasi ya mwenyewe na kitu kimoja tu, safari saba zinatosha. Kinachowashinda wengi ni safari ya nne, ambapo inawabidi wamrudishe mbuzi waliyekwisha kumvusha. Akili ya binadamu haipendi kurudi nyuma hata pale ambapo kurudi ndiyo njia.

Fumbo linalopendwa zaidi na wataalamu, na lenye utamu wa pekee, ni lile la mizani. Una sarafu tisa zinazofanana. Moja ni bandia, nayo ni nzito kidogo kuliko nyingine. Una mizani ya pande mbili, ile ya kulinganisha, isiyo na mawe. Je, unaweza kuitambua sarafu bandia kwa kupima mara mbili tu?

Wengi huanza kwa kuweka sarafu nne upande huu na nne upande ule. Kwa bahati mbaya, mizani ikielemea upande mmoja wanabaki na sarafu nne za kushukiwa na nafasi moja ya kupima, nayo haitoshi. Sababu ni kwamba mizani ina majibu matatu, si mawili. Inaweza kuelemea kushoto, kuelemea kulia, au kutulia sawa. Huko kutulia ni habari kama habari nyingine, lakini wengi hawaihesabu.

Kwa hivyo gawa sarafu katika mafungu matatu ya tatu tatu. Pima fungu moja dhidi ya jingine. Likielemea moja, bandia imo humo. Zikitulia, bandia imo katika fungu lililobaki nje. Kisha katika zile tatu pima moja dhidi ya nyingine, nawe utaijua. Mara mbili zimetosha. Kila kupima kunatoa majibu matatu, na kupima mara mbili kunatoa matatu mara matatu, yaani tisa, sawasawa na idadi ya sarafu. Kwa sarafu kumi, hata bingwa wa dunia hawezi kukuhakikishia jibu kwa kupima mara mbili, na huhitaji kujaribu ili kulijua hilo. Mfumbuaji amethibitisha kwamba jambo haliwezekani bila kugusa mizani.

Ndugu mkubwa wa fumbo hilo ana sarafu 12, na haijulikani kama bandia ni nzito au nyepesi. Unaruhusiwa kupima mara tatu, na mwishoni useme ni ipi na ina kasoro gani. Hapo uwezekano ni 24, kwa kuwa kila sarafu inaweza kuwa nzito au nyepesi, na mizani inaweza kutoa majibu 27. Inawezekana, japo kazi yake inaweza kummalizia mtu jioni nzima.

Je, sarafu 13? Uwezekano ni 26, ungali chini ya 27, na mtu angedhani bado kuna nafasi. Hakuna. Ukianza na nne dhidi ya nne na mizani ikatulia, sarafu tano zilizobaki zina uwezekano 10, ilhali mara mbili zilizosalia zinatoa majibu tisa tu. Ukianza na tano dhidi ya tano, mizani ikielemea unabaki tena na uwezekano 10. Ukianza na chache zaidi au nyingi zaidi, hali inakuwa mbaya zaidi. Hesabu ya jumla ilikuwa imeruhusu, lakini hatua ya kwanza ikakataa.

Lipo pia kundi la mafumbo ambayo adui yake si uvivu bali hisia. Mnamo 1990, Marilyn vos Savant, mwandishi wa safu katika jarida la Parade nchini Marekani, aliulizwa kuhusu milango mitatu. Nyuma ya mmoja kuna gari, nyuma ya miwili kuna mbuzi. Unachagua mlango mmoja. Mwenye mchezo, anayejua gari liko wapi, anafungua mmoja kati ya miwili iliyobaki na kukuonyesha mbuzi, kama afanyavyo kila mara. Kisha anakuuliza kama ungependa kuhamia mlango mwingine. Uhame au ubaki?

Vos Savant alijibu kwamba uhame. Alipokea takriban barua 10,000, karibu 1,000 kati yazo kutoka kwa watu wenye shahada za uzamifu, na wengi wa waandishi hao walimwambia amepotoka. Kwao, milango miwili iliyobaki ilikuwa nusu kwa nusu. Lakini yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Ulipochagua mara ya kwanza ulikuwa na nafasi moja kati ya tatu ya kupata gari, na mwenye mchezo hakuibadilisha kwa kufungua mlango ambao alijua hauna kitu. Nafasi mbili zilizobaki zote zimehamia kwenye ule mlango mwingine. Asiyeamini achukue vikombe vitatu na punje ya haragwe, amwombe mwenzake awe mwenye mchezo, wacheze mara 60 huku wakiandika matokeo. Huo si mchezo wa pata potea wa kando ya barabara. Hapa kanuni ziko wazi, na bado macho yanadanganya.

Tangu enzi za Viacom, Neopets umepitia mikono kadhaa. Mwaka wa 2014 ulichukuliwa na kampuni ya JumpStart, na mwaka wa 2023 ukawa chini ya kampuni inayojitegemea. Ulimwengu wa mafumbo nao umebadilika. Hapo awali aliyetaka jibu la bure alilazimika kumtafuta mtu aliyelifumbua. Leo anaweza kuiandikia programu ya akili bandia na kupata jibu kwa sekunde chache, pamoja na maelezo yenye lugha tamu. Wakati mwingine jibu hilo ni sahihi. Wakati mwingine si sahihi, na linatolewa kwa sauti ile ile ya kujiamini. Aliyezoea kunakili hana namna ya kuyatofautisha hayo mawili, wala mwanafunzi aliyeandika 536 kwa sababu aliambiwa hataweza kumtetea mbele ya mwalimu anayeuliza zile kurasa 99 zilitoka wapi.

Kwa mwenye hamu ya kujipima, turudi kwenye kitabu cha mpiga chapa. Kina kurasa 536, zilizotiwa nambari kuanzia 1. Je, tarakimu 1 imechapwa mara ngapi kwa jumla? Ukurasa wa 11 unahesabika mara mbili, na ule wa 111 mara tatu. Tarakilishi haihitajiki, karatasi moja inatosha. Kama katika mchezo wa yule ndege, jibu liandikwe mara moja tu.