Sindano Inayotafuta Jina la Ugonjwa

Mtu akikohoa kwa muda mrefu, picha ya eksirei huweza kuonyesha tezi zilizovimba kifuani. Lakini picha haitaji jina la ugonjwa. Yaweza kuwa kifua kikuu; yaweza kuwa saratani; na kwa wachimbaji wetu wa dhahabu hapa Ikungi, yaweza kuwa vumbi la mawe. Tiba zake hazifanani.

Ndiyo maana daktari huomba kupima kwa sindano. Kama kuna tezi shingoni pia, huanza na hiyo, maana kazi yake ni ya dakika chache. Zikiwa kifuani tu, mgonjwa hupelekwa hospitali kubwa ya rufaa. Huko mpira mwembamba hupitishwa mdomoni hadi njia ya hewa, na sindano huongozwa kwa mawimbi ya sauti. Mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo.

Wengi husema sindano "huamsha" saratani. Jambo hilo ni nadra mno. Kinachoua ni kuchelewa. Kifua kikuu hutibiwa bure, kwa kawaida miezi 6.

Ukikohoa wiki 2, nenda zahanati.