Je, Wajua? Bibi mkorofi wa Kaole

Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Baadaye, kuanzia Dar es Salaam mpaka Njoro, Moshi, mwenye runinga alikaribisha watoto wa mtaa mzima kutazama kundi la maigizo la Kaole. Mwigizaji marehemu Steven Kanumba, aliyepitia kundi hilo, anakumbukwa na wengi. Ila wanaostahili sifa zaidi ni waigizaji wenzake akina Bi Mwenda, jina halisi Fatuma Makongoro, na Bi Hindu, yaani Chuma Suleiman. Bi Mwenda akiigiza mchawi, jicho moja la pembeni lilitosha kumtia mtoto hofu ya kwenda chooni usiku. Hiki ni kipaji kikubwa!