Usicheke Mkweche wa Gereji, Huenda ni Mali

Kila mwezi wa Novemba hapa Birmingham hufanyika maonyesho ya magari ya zamani katika kumbi za NEC. Magari yaliyong'arishwa yapo mengi, lakini kuna kona ambayo watu hujazana zaidi: ya magari yaliyofukuliwa mabandani na kwenye gereji, yakaletwa na vumbi na kutu lake. Sisi mara ya kwanza tulicheka. Mkweche kama huu nao wa kulipia kiingilio?

Ndugu msomaji, tulicheka mapema.

Mwaka 2007 alifariki daktari mmoja mzee huko Gosforth, karibu na Newcastle. Ndani ya gereji yake ndugu zake walikuta Bugatti Type 57S Atalante ya mwaka 1937, iliyokuwa imesimama kwa karibu nusu karne. Mmiliki wake wa kwanza alikuwa Earl Howe, dereva aliyeshinda mbio za saa 24 za Le Mans mwaka 1931. Februari 2009 gari hilo liliuzwa mnadani Paris kwa zaidi ya euro milioni 3.4.

Huko California nako, mwaka 2001, Shelby Cobra Daytona Coupe, gari la mashindano hasa, moja kati ya sita tu zilizoundwa, ilitoka kwenye stoo ya kukodi baada ya kufichwa kwa miaka mingi. Mwenye nayo alikuwa amefariki mwaka 2000, na watu wakafikishana mahakamani kugombea haki ya kuiuza.

Kwa nini vumbi liwe na thamani? Gari la mashindano hugongwa, hubadilishwa injini, hupakwa rangi upya, na la kuigiza ni rahisi kuundwa. Lililosahaulika halijaguswa. Namba ya chesisi, kadi ya gari na picha za zamani ndizo zinazothibitisha kuwa ni lenyewe.

Sasa turudi nyumbani. Safari Rally ilianza mwaka 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mwaka 1965 Joginder Singh na mdogo wake Jaswant waliishinda kwa Volvo PV544 ambayo tayari ilikuwa imeshatumika. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda mara tano kati ya mwaka 1973 na 1982. Na nyuma ya washindi walikuwepo madereva wengi wa kawaida, na magari yao yalibaki huko huko. Mengine yalikatwa vyuma chakavu. Mengine, nani ajuaye, yamelaliwa na kuku.

Hapa Birmingham wapo wazee wengi waliotoka Nairobi na Kampala, baadhi yao baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Waulizeni wangali hai: gari lile liliachwa kwa nani, na kadi yake iko wapi?

Na ukilikuta, usikimbilie kuliosha wala kumwita fundi wa rangi. Lipige picha lilivyo, nakili namba ya chesisi, tafuta kadi, na familia ikubaliane mapema kwa maandishi gari ni la nani. Rangi mpya hupatikana siku yoyote. Historia ikishasuguliwa na msasa hairudi.