Chanjo ya HPV katika Kliniki ya Watoto: Neno la Mtoa Huduma na Uamuzi wa Mzazi

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza miongoni mwa saratani zinazowapata wanawake nchini Tanzania. Kwa makadirio ya mwaka 2020, wagonjwa wapya walizidi 10,000 na vifo vilizidi 6,000 katika mwaka mmoja. Wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa, wakati ambapo tiba ni ngumu na matumaini ya kupona ni madogo. Hata hivyo, hii ni mojawapo ya saratani chache ambazo chanzo chake kinafahamika na chanjo yake ipo. Kazi ya kuizuia huanza miaka mingi kabla ya ugonjwa kuonekana, na kwa sehemu kubwa imo mikononi mwa wanaohudumia watoto.

Kwa nini miaka 9 hadi 14?

Takriban saratani zote za mlango wa kizazi hutokana na virusi vya HPV, ambavyo huenezwa kwa kujamiiana na kwa mgusano wa ngozi ya sehemu za siri. Aina mbili, ya 16 na ya 18, husababisha kiasi cha asilimia 70 ya saratani hizo. Watu wengi huambukizwa wakati fulani maishani, na kwa kawaida mwili huviondoa virusi wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili. Hatari iko kwa wachache ambao maambukizi hudumu: seli hubadilika polepole, na saratani hujitokeza baada ya miaka 15 hadi 20.

Chanjo hutengenezwa kwa protini ya gamba la nje la virusi. Haina virusi hai wala vinasaba vyake, hivyo haiwezi kuambukiza. Huuzoesha mwili kuvitambua virusi kabla havijaingia, lakini haitibu maambukizi ambayo tayari yapo. Kwa sababu hiyo hutolewa mapema, kabla mtoto hajakutana na virusi. Isitoshe, mwili wa mtoto wa umri huu hutengeneza kingamwili nyingi zaidi kuliko wa mtu mzima.

Dozi moja yatosha

Sehemu ya ushahidi wa dozi moja imetoka hapa kwetu. Utafiti uliofanyika Mwanza kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14 ulionesha kwamba, miaka miwili baada ya dozi moja, karibu wote walikuwa na kingamwili dhidi ya aina ya 16 na ya 18. Nchini Kenya, utafiti kwa wasichana wa miaka 15 hadi 20 ulionesha kuwa dozi moja ilizuia zaidi ya asilimia 95 ya maambukizi ya kudumu ya aina hizo. Mwezi Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha ratiba ya dozi moja, na mwezi Aprili 2024 Tanzania, iliyokuwa ikitoa dozi mbili kwa wasichana wa miaka 14 tangu 2018, ilihamia dozi moja kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14.

Watoto wanaoishi na VVU wanahitaji uangalizi wa pekee. Kwao hupendekezwa dozi zisizopungua mbili, na ikiwezekana tatu, kwani wanawake wenye VVU wako katika hatari ya saratani hii mara sita zaidi ya wengine.

Nafasi zinazopotea

Mtoto mchanga huletwa kliniki kila mara. Binti wa miaka kumi huletwa anapougua tu. Hufika kwa sababu ya malaria, pumu au selimundu, akatibiwa na kurudi nyumbani bila yeyote kuuliza habari za chanjo. Huduma ya shuleni huwafikia wengi, lakini haimfikii aliyeacha masomo, anayefanya kazi za ndani au mwenye ulemavu anayefichwa nyumbani. Inafaa basi kila mahudhurio yawe na swali moja: binti huyu amekwisha kuchanjwa?

Namna ya kuuliza nayo ina uzito. Anayesema, “Mama, sijui kama ungependa achanjwe?” hupanda shaka bila kukusudia. Anayesema, “Mama, binti yako ametimiza miaka kumi, leo anastahili chanjo ya kumkinga na saratani ya mlango wa kizazi, na ni sindano moja tu,” huonesha kwamba jambo hili ni la kawaida kama chanjo ya surua. Baada ya hapo anyamaze, asikilize. Binti naye aelezwe, kwa maana mwili ni wake.

Hofu ya mzazi ijibiwe kwa heshima. Akiuliza kuhusu ugumba, aelezwe kwamba chanjo imetumika duniani tangu 2006 na haikuonekana kudhuru uzazi. Inayoweza kuuondoa uzazi ni saratani yenyewe na matibabu yake. Akihofia kwamba itamfungulia binti mlango wa ngono, aelezwe kuwa tafiti hazikuona mabadiliko hayo ya tabia. Maudhi ya kawaida ni maumivu ya mkono, homa ndogo au kichwa kuuma. Wapo wanaozirai kwa woga wa sindano, ndiyo maana mtoto huketishwa na kuangaliwa kwa dakika 15. Mzazi akikataa, asibishiwe. Iandikwe, na mazungumzo yaendelee mahudhurio yajayo.

Matunda yameanza kuonekana kwingine. Nchini Sweden, waliochanjwa kabla ya miaka 17 walipata saratani hii kwa kiwango kilichopungua kwa takriban asilimia 88. Aliyechanjwa bado atahitaji uchunguzi akiwa mtu mzima, kwani chanjo haizuii kila aina ya virusi. Lakini binti anayechanjwa leo akiwa na miaka tisa atafika kwenye uchunguzi huo akiwa na hatari ndogo kuliko mama yake.