Nakala Moja, Wasomaji Wanne

Kitabu chenyewe hakina jalada. Kurasa zake za mwanzo zimeshonwa kwa uzi mweusi wa cherehani, kwa sababu mtu wa pili kukisoma hapa Umwe, Rufiji, alikuwa fundi nguo, na hakuvumilia kuona karatasi zikipukutika. Ni Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, riwaya iliyochapishwa mwaka 1971. Nilianza kuisoma mimi, nikampa fundi, fundi akampa kijana wa boti anayepeleka mizigo delta, na mwisho ikafika kwa bibi jirani yetu. Macho ya bibi hayaoni herufi tena, kwa hiyo alisomewa na mjukuu wake wa kidato cha tatu, kila jioni, mkekani, baada ya kula.

Walipomaliza tukaitana barazani kwake. Swali lilikuwa moja: nani wa kulaumiwa kwa kifo cha Rosa?

Kwa ambaye hajaisoma: Rosa ni binti wa Ukerewe. Baba yake, Zakaria, ni mlevi na mkali, na barua ya mvulana inamletea binti kipigo kikubwa. Rosa anakwenda shule, mbali na jicho la baba, na huko yote aliyokatazwa anayakimbilia kwa pamoja. Mwisho anajiua.

Fundi hakusita. “Zakaria. Uzi ukiukaza kupita kiasi unakatika, na ukikatika usiulaumu uzi.” Kijana wa boti akakataa, yeye aliwalaumu wanaume waliompitia binti yule mmoja baada ya mwingine, kisha wakamwona mchafu. Mimi nilikuwa upande wa fundi. Bibi alikuwa kimya muda wote, akilikunjua na kulikunja pindo la khanga yake. Halafu akauliza:

“Huyo mtoto alichezwa?”

Tukatazamana.

“Nauliza, somo wake nani? Maana baba hafundi binti. Baba akishika fimbo kufunda binti, ujue wenye kazi hiyo hawapo.”

Huku Rufiji swali hilo lina mizizi. Zamani binti akivunja ungo aliwekwa ndani, miezi, wengine hata miaka, akawa mwali, akafundwa na kungwi na somo, wanawake waliopewa kazi hiyo; huko ndiko kuchezwa. Kezilahabi aliandika juu ya Ukerewe, kisiwa cha Ziwa Victoria alikozaliwa mwaka 1944, akaijenga familia ambayo ndani yake hakuna kungwi wala somo. Bibi aliliona pengo hilo kama mtu aingiaye nyumbani akaona hakuna mlango wa uani. Mimi nilikuwa nimeisoma riwaya hiyo mara mbili, na pengo lenyewe sikuwahi kuliona.

Jambo hili, la kila msomaji kuiona hadithi kwa macho ya kwao, watafiti wa akili wamelishughulikia kwa karibu karne moja. Mwaka 1932 Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Cambridge nchini Uingereza, alichapisha kitabu kuhusu kumbukumbu. Katika majaribio yake aliwapa Waingereza hadithi ya kale ya wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, kisha akawataka waisimulie upya. Vijana wawili wanashuka mtoni kuwinda sili, mtumbwi wa wapiganaji unafika, mmoja anachukuliwa vitani; anapigwa mshale lakini haoni maumivu, anatambua kuwa aliokuwa nao ni mizimu, na jua linapochomoza anakufa. Kadiri Waingereza wale walivyoisimulia, ndivyo hadithi ilivyogeuka. Mtumbwi ukawa mashua. Kuwinda sili kukawa kuvua samaki. Mizimu, ambayo ndiyo kiini cha hadithi, ilififia au ikatoweka kabisa. Bartlett hakusema kuwa watu wale walikuwa wasahaulifu. Alisema kwamba kukumbuka ni kujenga, na kila mtu hujenga kwa miti ya msitu wa kwao.

Hapo kwenye mtumbwi naomba nitulie kidogo. Mtu wa delta ya Rufiji angesahau mengi katika hadithi ile, lakini mtumbwi asingeupoteza, na mizimu asingeiona ngeni. Angepoteza kitu kingine. Kijana wetu wa boti, kwa mfano, aliisoma Ukerewe yote kama Nyamisati ya huku kwetu pwani: maji yanakupwa na kujaa, mikoko imesimama kandokando. Maji ya ziwa hayapwi na kujaa kama ya bahari, na mkoko hauoti huko. Hakuna mstari wowote wa riwaya uliomtajia mikoko wala kupwa kwa maji. Aliichukua picha nyumbani akaipandikiza kitabuni bila kujua. Nami nina hakika nimepandikiza zangu, ila mtu haoni za kwake mpaka mwenzake azioneshe.

Jaribio ninalolipenda kuliko yote ni la Wamarekani wawili, Richard Anderson na James Pichert, la mwaka 1978. Waliwapa watu kisa kifupi cha wavulana wawili waliotoroka shule wakaenda kucheza nyumbani kwa mmoja wao. Nyumba imeelezwa kwa undani: paa linavuja, mlango wa pembeni haufungwi, kuna baiskeli nzuri na vitu vingine vya thamani. Baadhi ya wasomaji waliambiwa wasome kama mwizi, wengine kama mtu anayetaka kununua nyumba. Walipoulizwa wanakumbuka nini, mwizi alikumbuka mlango, mnunuzi akakumbuka paa. Hilo lilitazamiwa. Lakini watafiti waliendelea. Waliwaambia baadhi ya waliosoma kama wezi: sasa fikirini kama wanunuzi, na waliosoma kama wanunuzi wafikiri kama wezi. Hawakurudishiwa karatasi. Hata hivyo mambo mapya yalitoka vichwani mwao, mambo ambayo dakika chache kabla yake hawakuweza kuyataja. Paa lilikuwamo kichwani mwa mwizi tangu mwanzo. Kilichokosekana ni sababu ya kuliita.

Nilipolisoma jaribio hilo nilimkumbuka bibi. Usiku ule baada ya swali lake nililala nikiwaza, na mtu aliyenijia hakuwa Zakaria. Alikuwa Regina, mama yake Rosa. Nilimwona akiwa ndani ya nyumba ile ile, akipigwa na mume yule yule, na nikajiuliza: angemfunda binti yake saa ngapi, kwa nguvu gani? Regina nilikuwa naye kichwani miaka yote. Nilikuwa sijaulizwa habari zake.

Kwa hiyo namwamini anayesema kwamba nakala moja ikipita kwa watu wanne husomwa zaidi ya nakala nne zilizofungiwa makabatini. Mwenzako hakupi maoni yake tu; anakurudishia sehemu ya usomaji wako mwenyewe.

Siku hizi tofauti hizo zinaonekana hadi kwenye picha za ubongo. Mwaka 2017 watafiti wa Princeton, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio la kuwalaza watu kwenye mashine ya MRI na kuwasikilizisha hadithi fupi ya J. D. Salinger: mume anampigia rafiki yake simu usiku, hajui mkewe yuko wapi. Kundi moja liliambiwa mapema kwamba mke kweli anamsaliti mumewe. Jingine liliambiwa mume ana wivu usio na msingi. Maneno waliyosikia ni yale yale. Lakini katika maeneo ya ubongo yanayounganisha matukio na kuwaza nia za watu, walioambiwa jambo moja walifanana wenyewe kwa wenyewe kuliko walivyofanana na kundi la pili. Picha hizo hazituambii nani amesoma vizuri. Zinatuonesha kwamba tofauti ya wasomaji haingoji mazungumzo ya baadaye. Inaanza wakati hadithi bado inaingia sikioni.

Kujadili andiko kwa pamoja, kama tulivyofanya barazani, si jambo geni nchini Tanzania. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi, vijijini na mijini, wakasikiliza kipindi, wakasoma kijitabu chao na kujadiliana. Makusudi yalikuwa vyoo, maji na malaria, si riwaya, lakini umbo ni lile lile: andiko moja, watu wengi, kisha mjadala.

Lipo onyo ambalo vikundi vya wasomaji hulipuuza. Mwaka 1997 watafiti walionesha kwamba watu wanaokumbuka kwa pamoja hutaja mambo machache kuliko idadi hiyo hiyo ya watu wakikumbuka kila mmoja peke yake, majibu yao yakaunganishwa baadaye. Msemaji mmoja humvuruga mwenzake njia yake ya kukumbuka. Mbaya zaidi, mwaka 2001 jaribio jingine lilionesha kwamba mtu akitaja kitu ambacho hakikuwapo, wenzake baadaye huweza kukikumbuka kana kwamba walikiona. Sisi tulikosea hapo hapo. Fundi alianza kusema, ana sauti nzito, na mimi nikajikuta nimeegemea kwake kabla sijayapima yangu. Kwa kitabu kinachofuata kila mtu ataandika kwanza sentensi tatu peke yake, na asiyeandika atamwambia mtu mmoja amwandikie. Mimi ni mwalimu, na nasema hivi nikiwaza madarasa yetu pia, ambako dhamira huandikwa ubaoni kabla mwanafunzi hajafungua ukurasa wa kwanza. Mtoto anaambiwa awe mwizi au awe mnunuzi, na hakuna anayemgeuza.

Rosa Mistika yenyewe imepitia hukumu mbili. Ilipotoka ilipigwa marufuku mashuleni kwa namna inavyozungumza wazi juu ya mapenzi ya mwili. Baadaye ikaruhusiwa, hata ikawa miongoni mwa riwaya zilizosomwa kwa ajili ya mtihani. Kisa ni kile kile. Wasomaji ndio waliobadilika, au waliokaa mezani kuamua.

Juzi nilirudi kwa bibi kuchukua kitabu, kwa kuwa kuna mtu Kibiti anakisubiri. Nilimkuta mjukuu anachambua mchele. Nikamuuliza, kwa kuwa siku ile barazani hatukumuuliza kitu: tulikuwa tumemhesabu kama sauti, hatukumhesabu kama msomaji. Wewe unamlaumu nani? Akainamia ungo, akasema kwa sauti ndogo kwamba bibi hakukisikia kitabu chote. Kuna kurasa alishindwa kuzisoma mbele yake kwa haya, akawa anaziruka.

Bibi alikuwa ndani. Kumbe anasikia.

“Mjukuu wangu, ulipokuwa unaruka nilijua. Sauti ilikuwa inakwenda mbio.” Akatoka taratibu, akashika nguzo ya baraza, akaketi. “Mwalimu, huyo mtu wa Kibiti mwambie angoje. Leo tunaanzia pale sauti ilipoanza kukimbia.”