Kamera iliuza simu, picha hazikulipa

Aprili 2000 serikali ya Uingereza ilifunga mnada wa masafa ya simu za kizazi cha tatu ikiwa imekusanya pauni bilioni 22.5. Agosti mwaka huohuo Ujerumani ikafanya mnada wake na kuvuna takriban euro bilioni 50. Waliolipa ni kampuni za mitandao, kwa fedha nyingi za kukopa, na walichopata ni ruhusa tu. Minara ilikuwa bado kujengwa, na simu za kutumia masafa hayo hazikuwepo madukani. Mabenki yalianza kuuliza swali la kawaida la mwenye kukopesha: mteja atalipia nini zaidi ya kuongea na kutuma meseji?

Jibu lilikuwa tayari linapikwa Asia. Samsung ilikuwa imeuza SCH-V200 nchini Korea Kusini katikati ya mwaka 2000, simu yenye kamera ndani yake, ila picha zilibaki humo mpaka uiunganishe na kompyuta kwa waya. Novemba mwaka huo kampuni ya mtandao ya J-Phone ya Japani ikatoa Sharp J-SH04. Kamera yake ilikuwa na pikseli 110,000, picha zake hafifu mno kwa macho ya leo, lakini picha hiyo iliweza kutumwa kutoka simu moja hadi nyingine, na kila iliyotumwa ililipiwa. Wahandisi walitazama pikseli; watu wa mauzo wakatazama bili ya mwisho wa mwezi. Kwa haki ya historia, Philippe Kahn alikuwa ameshafanya jambo hilo California mwaka 1997 siku binti yake alipozaliwa, kwa kuunga kamera ya Casio na simu ya Motorola na kompyuta yake. Ila Kahn alikuwa na mtoto wa kuonyesha, hakuwa na mnada wa kulipia.

Ulaya ilifuata upesi. Nokia iliitangaza 7650 mjini Barcelona Novemba 2001, na ikafika madukani katikati ya 2002. Ilikuwa simu ya kuteleza: ukisukuma kioo juu, vitufe vinatokea chini na jicho la kamera linafunguka nyuma. Picha zake zilikuwa za pikseli 640 kwa 480, na flashi haikuwepo. Kumbukumbu nzima haikuzidi megabaiti 4, wala hapakuwa na mahali pa kuchomeka kadi. Ndani ya nafasi hiyo finyu viliishi kwa kubanana picha, majina, miadi, meseji na programu. Aliyepiga picha za harusi ya ndugu yake alijikuta mbele ya uamuzi mgumu kabla ya kupokea meseji ya Jumatatu.

Nyuma ya kamera hiyo kulikuwa na ukoo mwingine wa biashara, mkongwe zaidi, nao ndio unaonivutia: shajara za kielektroniki. Psion ya London, iliyoanzishwa na David Potter mwaka 1980, iliuza Organiser yake ya kwanza mwaka 1984. Marekani, Palm ilitoa Pilot mwaka 1996 na kuwafundisha maelfu ya mameneja kuandika kwa kijiti juu ya kioo. Vifaa hivyo vilihifadhi anwani, miadi, orodha ya kazi na maelezo mafupi, na wenye navyo waliviamini kuliko kumbukumbu zao. Tatizo lilikuwa mfuko wa koti. Mtu alibeba shajara upande mmoja na simu upande wa pili, na jina alilolitafuta kwenye shajara alilibonyeza upya, tarakimu kwa tarakimu, kwenye simu.

Juni 1998 Psion, Nokia na Ericsson walianzisha Symbian, kampuni ya kutengeneza mfumo endeshi wa simu kutokana na programu za Psion, na Motorola ikajiunga muda mfupi baadaye. Nokia 7650 ilitumia mfumo huo. Lakini simu iliyounganisha koo zote mbili kwa dhati ilikuwa P800 ya Sony Ericsson, iliyoingia sokoni mwishoni mwa 2002. Ukiwa umefunga kifuniko chenye vitufe, ilikuwa simu ya kawaida yenye unene wa kuudhi. Ukikifungua, skrini ya kugusa ya pikseli 208 kwa 320 inajitandaza, unachomoa kijiti ubavuni na kuandika kwa mkono. Ilikuwa na kalenda, kitabu cha majina chenye nafasi ya picha ya kila mtu, orodha ya kazi, barua pepe, na kadi ya kumbukumbu ya hadi megabaiti 128. P900 ya mwaka 2003 ikasafisha kasoro zake. Mwaka huo Handspring ya California, iliyoanzishwa na walewale walioanzisha Palm, ikatoa Treo 600 yenye kamera na kibodi ya herufi zote, kisha Palm ikaimeza Handspring nzima kabla mwaka haujaisha.

Ni nani aliyelipia vifaa hivi? Hapo hesabu inakuwa tamu. Mnunuzi wa Ulaya mara nyingi hakulipa bei kamili. Kampuni ya mtandao iliipunguza kwa ruzuku, naye akafungwa kwa mkataba. Mtengenezaji naye alikuwa na wadai wake. Symbian ilitoza mrabaha wa dola 7.25 kwa kila simu hadi simu milioni 2, kisha dola 5 kwa kila simu iliyozidi. Palikuwa na gharama ya kihisi cha kamera, teknolojia ambayo Eric Fossum na wenzake waliikuza kwenye maabara ya NASA huko California miaka ya 1990 na ambayo ilishuka bei haraka viwanda vilipoanza kuizalisha kwa mamilioni. Kila aliyekuwa kwenye mnyororo huo alipata chake simu ilipotoka kiwandani. Mtandao peke yake ndio uliosubiri kulipwa baadaye, picha zikianza kutumwa.

Hazikutumwa. Telenor ya Norway ilianzisha huduma ya kibiashara ya meseji za picha Machi 2002 na wengine wakafuata. Bei kwa kila picha ilikuwa kubwa kuliko ya meseji ya maandishi. Mpokeaji alihitaji simu inayoweza kuifungua, mipangilio ililetwa kwa meseji za ajabu ambazo wengi walizifuta, na mwanzoni picha haikuvuka kutoka mtandao mmoja hadi mwingine hadi kampuni zilipoandikiana mikataba. Wakati huohuo, simu zilezile zilikuwa na Bluetooth. Wawili wakikaa meza moja, picha ilihama bure. Bluetooth ilibuniwa na Ericsson, kampuni iliyoziuzia mitandao minara na baadaye ikashiriki kuziuzia simu za kamera. Mitandao ilinunua kwa bei ya ruzuku kifaa kilichobeba ndani yake njia ya kuikwepa bili yao.

Kamera yenyewe iliendelea kuuza simu bila kujali. Mwaka 2003 simu zenye kamera zilizouzwa duniani zilizidi kamera za dijitali za kawaida. Konica Minolta iliacha biashara ya kamera mwaka 2006. Kodak ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012, ingawa maradhi yake yalikuwa mengi. Katika duka la simu, kamera inaonekana na kujaribiwa kwa nusu dakika. Kalenda haijaribiki. Faida yake huiona mtu miezi sita baadaye, anapogundua kwamba majina mia nne ya wateja wake, siku za kuzaliwa, namba za nyumbani na za ofisini vimo ndani ya kifaa kimoja, vina nakala kwenye kompyuta, na kuhamia chapa nyingine ni adhabu. Laini ya simu ya wakati ule ilihifadhi majina yapatayo 250, jina moja namba moja, basi. Mwenye P900 aliyeibiwa simu alinunua nyingine, akaiunganisha na kompyuta, akarudi kazini.

Kwa maoni yangu hapo ndipo sekta ilipokosea hesabu. Shajara ndiyo iliyomfunga mteja, lakini fedha za utafiti na kelele za matangazo zilikwenda kwenye kamera. Tena kamera iliiharibia shajara soko lake la asili. Ofisi zenye siri na viwanda vilianza kuzikataa simu zenye kamera getini. Samsung, muuzaji mkubwa wa simu hizo, ilizizuia mwaka 2003 kwenye viwanda vyake nyeti. Saudi Arabia ilipiga marufuku kuziuza, kisha ikaondoa marufuku hiyo mwishoni mwa 2004. Treo 600 ililazimika kuuzwa pia bila kamera kwa ajili ya waajiri wa aina hiyo. BlackBerry, iliyowalenga waajiri moja kwa moja, haikuweka kamera hata moja hadi Pearl ya mwaka 2006, na haikuonekana kupoteza kitu kwa kuchelewa. Nokia yenyewe iliuza E61 bila kamera, halafu mwaka mmoja baadaye ikaitoa E61i yenye kamera. Muuzaji anapotoa bidhaa ileile mara mbili kwa namna hiyo, ujue hajaamua mteja wake ni nani.

Mwaka 2007 ulionyesha gharama ya kutokuamua. Nokia N95 ilikuwa na kamera ya megapikseli 5 yenye lenzi ya Carl Zeiss. iPhone iliyotoka Juni mwaka huo ilikuwa na megapikseli 2, haikurekodi video wala kutuma meseji za picha. Kwa kipimo cha kamera, Apple ilishindwa vibaya. Ilichofanya ni kurahisisha kazi zote za shajara kwa kidole, kisha mwaka 2008 ikafungua duka la programu lililokata asilimia 30 ya mauzo. Symbian ilikuwa imeingia kwenye simu zaidi ya milioni 77 mwaka 2007, ikila dola chache kwa kila simu, mara moja. Google ilipotoa Android bila mrabaha, hata dola hizo zikakosa mlipaji.

Yaliyofuata ni orodha ya mauziano. Psion ilikuwa imeshauza hisa zake za Symbian mwaka 2004 kwa takriban pauni milioni 135, na ukiangalia nyuma, yeye ndiye aliyeondoka mezani mapema na fedha mfukoni. Nokia ilinunua hisa zilizobaki za Symbian mwaka 2008 kwa euro milioni 264. HP iliichukua Palm mwaka 2010 kwa dola bilioni 1.2 na mwaka uliofuata ikaacha kutengeneza vifaa vyake. Sony ilimlipa Ericsson zaidi ya euro bilioni 1 kwa nusu yake ya ubia, ikakamilisha Februari 2012. Microsoft ilikubali mwaka 2013 kutoa euro bilioni 5.44 kwa biashara ya simu ya Nokia pamoja na leseni za hataza.

Afrika Mashariki ilizijua simu hizi kwa mlango wa nyuma. Ruzuku za Ulaya hazikufika huku. Kilichofika ni simu zenyewe baada ya mikataba kuisha, nyingi zikipitia Dubai, zikiwa zimefungwa kwa mtandao wa huko. Fundi wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue alizifungua, akabadilisha kava, zikauzwa. Meseji za picha hazikuwahi kuwa mazoea hapa. "Nirushie" ilimaanisha Bluetooth, na vibanda vya kujaza nyimbo na picha kwenye memori kadi vikawa biashara halali ya vijana. Shajara haikutumika sana, kwa sababu thamani yake ilitegemea kompyuta ya kunakilia, na wengi hawakuwa nayo. Namba muhimu ziliandikwa kwenye daftari la karatasi na kufichwa kabatini, busara ambayo aliyewahi kuporwa simu kituoni hahitaji kufafanuliwa.

Simu iliyotawala ilikuwa Nokia 1100 ya mwaka 2003, yenye tochi, isiyo na kamera. Safaricom ilipozindua M-Pesa Machi 2007, iliijenga juu ya menyu ya laini, ikafanya kazi kwenye simu hiyohiyo ya tochi. Vodacom iliileta Tanzania mwaka 2008. Mitandao ya huku ilipata kile ambacho ile ya Ulaya ilikitafuta tangu mnada wa mwaka 2000, huduma ambayo mteja anailipia kila anapoitumia, na haikuhitaji hata pikseli moja.

Serikali nazo zimekuwa zikiivuta na kuiachia bei ya simu. Kenya iliondoa VAT kwenye simu mwaka 2009, ikairudisha kwa sheria ya 2013. Ilizima simu bandia mwaka 2012. Tanzania ikafanya hivyo Juni 2016, na wauzaji waliokuwa na shehena ya simu zenye namba za utambulisho (IMEI) zisizotambulika wakabaki na plastiki. Sasa soko la bei ya chini limeshikwa na Transsion ya China, wenye Tecno na itel, ambao waliingia kwenye soko la hisa la Shanghai mwaka 2019. Chambo chao ni kilekile, kamera, safari hii iliyorekebishwa itoe vizuri sura ya mtu mweusi, na simu zao hutangazwa kwa picha kabla ya jambo lingine lolote.

Kwa hiyo mfanyabiashara anayepanga kuingiza mtaji kwenye duka la simu msimu huu, aweke kamera nzuri kwenye kabati la kioo mbele, maana ndiyo inayomwingiza mteja dukani. Ila kodi ya fremu asiitegemee simu yenyewe. Akate leseni ya wakala wa fedha, aajiri fundi anayejua kuhamisha majina na picha za mteja kutoka simu ya zamani bila kupoteza hata moja, na kazi hiyo aitoze.